Maswali ya kwenye benchi la kliniki: malezi ya mtoto tangu arobaini hadi chekechea

Nimekaa kwenye mizani ya kliniki ya mama na mtoto, Temeke, miaka kumi na tisa sasa. Kazi yenyewe si ngumu: mvike mtoto suruali ya kupimia, mning'inize, soma kilo, weka nukta kwenye kadi. Kinachochukua siku yangu ni maswali, na hayo hayaulizwi kwenye mizani. Huulizwa kwenye benchi, kwa sauti ya chini, na mengi huanza hivi: "Eti nesi, mama mkwe anasema..." Hapa nimeweka yale yanayorudi kila wiki.

Mtoto analia kila jioni. Majirani wanasema maziwa yangu hayatoshi. Nimwongezee ya kopo?

Usisikilize kilio peke yake, tazama nepi. Mtoto aliyepita siku tano tangu azaliwe, akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku na kadi yake ikapanda, anashiba. Siku za mwanzo uzito hushuka kidogo, hata asilimia 7 au 10, halafu akifikisha wiki mbili anakuwa ameurudisha. Hilo ni la kawaida, lisikutoe jasho.

Kilio cha jioni nacho kina kalenda yake. Huongezeka hadi wiki ya sita hivi, kisha hupungua, na wengi miezi mitatu au minne ikifika kimekwisha. Huko mitaani wanakiita chango. Kiite upendavyo, lakini hakitibiwi kwa kopo.

Nalijua hili kwa kuumia. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na wiki tano nilikuwa tayari nimevaa sare ya uuguzi, cheti kipo ukutani, na bado jirani alipoingia na kopo mkononi nilikoroga. Usiku ule tulilala. Baada ya siku kumi titi likawa halijai tena, na mimi nikawa namwambia kila mtu kwamba maziwa yangu ni haba. Hayakuwa haba. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyonyonywa, na mimi nilikuwa nimempa mtoto sababu ya kutolinyonya.

Kabla ya kununua chochote, kagua anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya ule weusi iwe kinywani, siyo chuchu tu. Ukisikia maumivu makali, mtoe kwa kupenyeza kidole pembeni ya mdomo, umpachike upya. Na yale maziwa ya mwanzo, dang'a, mazito ya rangi ya njano ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga, hayo ndiyo yenye kinga nyingi. Mpe ndani ya saa ya kwanza.

Na maji? Dar hii joto lake unalijua.

Hapana, hadi miezi sita. Hata vijiko viwili, hata yaliyochemshwa. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Ugumu wa swali hili najua hauko kwenye maji, uko kwa mama mkwe aliyesafiri kutoka Tanga na kikombe chake. Usibishane naye. Mpe kazi: amwogeshe, amkande, ambebe jioni wewe ukilala. Anajua kuyafanya hayo kuliko wewe na kuliko mimi. Kikombe kikitokea, sema "nesi amekataza, mama, na kwenye kadi ameandika." Niwekeeni lawama mimi. Nimezizoea, na hatuishi nyumba moja.

Nimeambiwa tukikutana na mume wangu kabla mtoto hajaacha ziwa, tutambemenda. Ni kweli?

Hili huulizwa na wengi, na wote hutazama chini. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hakuna kinachopita huko kuingia kwa mtoto, na hata aliyetoka nje ya ndoa hamdhuru mtoto kwa kumbeba. Nimeona wanawake wakisingiziwa uzinzi kwa sababu mtoto amekonda, na huku mtoto ana kifua kikuu au anakula uji mwepesi wa sembe mara mbili kwa siku.

Lakini wazee hawakuota tu. Waliona jambo la kweli wakalieleza kwa namna yao. Mama akishika mimba mtoto akiwa na miezi saba au minane, mara nyingi yule wa kwanza huachishwa ghafla, chakula cha kushika nafasi ya maziwa hakipo, naye hudhoofu: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, hacheki. Ndiye aliyeitwa amebemendwa. Sisi tunaita utapiamlo, na tiba yake ni chakula na matibabu. Kuna utepe tunaouzungusha kwenye mkono wa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 uko kwenye rangi nyekundu, na mtoto huyo anaanza matibabu siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mkutane mkiwa tayari, wengi husubiri wiki sita mwili upone, ila mpange. Inashauriwa mtoto afikishe miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha pekee huzuia mimba kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya usiku na mchana bila kupewa kingine, na hedhi haijarudi. Sharti moja likikatika, njoo chumba namba mbili tuzungumze uzazi wa mpango. Ukishika mimba kwa bahati mbaya, endelea kumnyonyesha mkubwa. Maziwa hayageuki sumu.

Kitovu, utosi, wanja, mvuje: nini nifanye, nini niache?

Kitovu kiache kikauke chenyewe. Majivu, mate, kinyesi cha ng'ombe, mafuta: hapana vyote. Nepi uikunjie chini yake. Hukatika ndani ya wiki moja au mbili. Kikinuka, kikitoa usaha, au ngozi pembeni ikiwa nyekundu, usingoje siku ya kliniki.

Utosi unaopigapiga ni wa kawaida, na hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Ukizama, mtoto amekaukiwa maji. Dawa ya kupaka juu yake haiyarudishi.

Wanja sipendi machoni kwa mtoto, maana baadhi yake una risasi, ile madini ya sumu, na jicho lenyewe huingia uchafu. Mvuje ukifungwa kwenye kitambaa mkononi utatunukia sisi sote kliniki nzima, basi. Kumnywesha ndiko nakataza. Na uzi mweusi? Huo sijawahi kugombana na mtu, ila usiwe shingoni, utamkaba.

Mwanangu ana macho ya njano. Naambiwa nimwanike jua la asubuhi.

Umanjano mwepesi unaoanza siku ya pili au ya tatu hutokea kwa watoto wengi, na kunyonya sana husaidia kuutoa. Ukianza ndani ya saa 24 za kwanza, ukifika viganjani na nyayoni, au mtoto akilala tu na hataki titi, mpeleke hospitali leo. Umanjano mwingi huweza kuharibu ubongo. Jua halitoshi.

Uji wa lishe bora ni wa nafaka ngapi?

Swali hili lina wafanyabiashara nyuma yake. Nimeletewa mfuko wenye mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na kitu ambacho mama mwenyewe hakukijua jina. Alidhani vikiwa kumi mtoto atapata mara kumi. Nafaka nyingi zikichanganywa bado ni nafaka. Mahindi na mtama na ulezi ni ndugu. Kinachokosekana ni yai, dagaa, mboga, matunda.

Tena huo mfuko unasagwa wa miezi mitatu, unakaa kwenye ndoo jikoni, karanga zinachacha, ukungu unaingia. Ukungu wa mahindi na karanga huzaa sumukuvu, na moto wa jiko hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo saga kidogo, nafaka moja au mbili zilizochambuliwa vizuri na kukauka, za wiki mbili tu. Karanga zikaange na kuzisaga peke yake, uongeze kijiko wakati wa kupika.

Uzito wa uji ndio ninaoupigia kelele. Uinue kwa kijiko, uinamishe: ukitiririka kama chai, umempa maji ya kujaza tumbo. Ushike kijikoni. Akifika miezi sita anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi tisa hadi kumi na moja mara tatu au nne, sasa vyakula viwe vya kupondwa tu na vingine vya kushika mwenyewe. Mwaka ukigeuka, ale mnachokula nyumbani, na kitu kidogo katikati. Titi liendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Cha kutia humo: kijiko cha unga wa dagaa, yai zima lililoiva (kiini na ute, hakuna mwiko hapo, na wala hatachelewa kuongea), maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, mchicha, boga, ini la kuku, parachichi. Chumvi na sukari mwachie mkubwa. Chai ya rangi inazuia damu kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula, kwa hiyo isiwe kinywaji chake. Asali isimguse kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvishinda. Karanga nzima, pipi ngumu na punje za mahindi ya kuchoma asipewe kabla ya miaka minne au mitano, atapaliwa.

Anaota meno, ndiyo maana anaharisha, sivyo?

Sivyo. Meno huanza karibu na miezi sita, na miezi hiyohiyo ndiyo anatambaa na kutia kila kitu kinywani, na ndiyo anaanza chakula kilichopita mikononi mwetu. Kinachomharisha ni uchafu.

Akiharisha, nunua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, koroga kwenye maji safi lita moja (chupa mbili za soda kubwa za nusu lita, usikadirie kwa jicho), mnyweshe kwa kijiko kila baada ya choo. Aliye chini ya miaka miwili hutumia kati ya mililita 50 na 100 kila mara. Akitapika, subiri dakika kumi, rudi polepole. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwage. Pamoja na hayo apewe zinki siku 10 hadi 14: nusu kidonge cha miligramu 20 kwa aliye chini ya miezi sita, kizima kwa aliyezidi. Wengi huacha siku ya tatu kuhara kunapokoma, na wiki ijayo wanarudi. Malizeni. Na aendelee kunyonya na kula. Choo chenye damu, macho kuzama, kushindwa kunywa: hospitali.

Kuna mama mtaani anatoa meno ya plastiki. Mwingine anakata kimeo. Niende?

Usiende. Vile vijivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno ya kawaida yanayosubiri zamu. Yakichimbuliwa kwa msumari au spoku ya baiskeli mtoto hupata kutokwa damu, pepopunda, na meno ya ukubwani huharibika. Kimeo vivyo hivyo: kila mmoja wetu anacho, fungua mdomo mbele ya kioo ujionee. Kukohoa hakutoki hapo.

Basi kikohozi nitajuaje kama ni cha mafua au ni kichomi?

Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue tumbo, weka simu dakika moja kamili, hesabu kila tumbo linapopanda. Chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni haraka. Miezi miwili hadi mwaka: 50. Mwaka hadi miaka mitano: 40. Akifika hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, mbebe uje. Nimewafundisha hata dada wa kazi wa miaka kumi na saba, na mmoja alimwahisha mtoto kabla mama hajarudi kutoka Kariakoo.

Dawa za kikohozi za chupa haziwasaidii hawa wadogo. Nusu chupa ya antibiotiki iliyobaki kwa jirani ndiyo kabisa, achana nayo.

Joto limepanda, akakakamaa macho juu. Bibi akasema degedege, asipigwe sindano, atakufa. Akataka kumfukiza.

Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, usitie kijiko wala kidole kinywani, tazama saa, kisha mpelekeni. Homa yenyewe huweza kuleta degedege, na malaria kali pia, na homa ya uti wa mgongo. Huwezi kujua ni ipi ukiwa sebuleni. Wengi huacha kukakamaa ndani ya dakika chache, ndipo bibi anapoonekana ameponya kwa moshi wa kinyesi cha tembo, na malaria imebaki ndani ikifanya kazi.

Ile hofu ya sindano ilitoka wapi? Naamini watu waliwaona watoto waliofikishwa wamechelewa sana wakifa mkononi mwa daktari, sindano ikabeba lawama. Bibi usimdhihaki, mwambie aje naye. Amwombee njiani.

Homa kwa aliye chini ya miezi miwili, nyuzi 37.5 kwenda juu, haingojwi nyumbani hata kidogo. Kwa mkubwa zaidi apimwe malaria kabla ya kupewa dawa ya mseto. Aspirini si ya watoto. Na chandarua ni kila usiku, hata kiangazi.

Nimepitisha tarehe ya chanjo. Naogopa kugombezwa.

Njoo. Ratiba ni kuzaliwa, wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua-rubella miezi 9 na 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wengi huisahau kwa sababu mtoto keshatembea. Ukichelewa tunaendelea ulipoishia, haturudii mwanzo. Vitamini A kila miezi sita kuanzia miezi sita, na Juni na Desemba huwa tunatoa kwa wote, pamoja na dawa ya minyoo kwa waliofikisha mwaka. Muuguzi akikugombeza, mstahi, lakini chanjo upate.

Narudi kazini. Maziwa nitayafanyaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 ukijifungua pacha, na ukirudi hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwajiri akikuambia hakuna kitu kama hicho, mtajie mwaka.

Kamua kwa mkono kwenye kikombe chenye mfuniko kilichochemshwa. Nje ya friji ni saa nne, na kwa joto letu pungufu; ndani ya friji siku nne. Yapashwe kwa kuweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, yasitokote jikoni. Dada amnyweshe kwa kikombe, siyo chupa, chuchu ya chupa ina kona nyingi za kufuga uchafu. Huyo dada mlipe vizuri na umtazame usoni unaporudi. Mtoto wako anashinda naye saa kumi.

Alale vipi?

Chali, bila mto, ndani ya chandarua. Mkilala naye kitandani isiwe siku mmoja wenu amelewa, wala kwenye kochi.

Katuni zinamtuliza sana.

Najua, nami nina wajukuu. Chini ya miaka miwili bora asizione. Miaka miwili hadi minne isizidi saa moja. Hotuba ndefu sina. Ila aliyechelewa kuongea, cha kwanza nauliza: nyumbani nani huzungumza naye, na televisheni huzimwa saa ngapi? Lugha mbili, Kizaramo cha bibi na Kiswahili cha mama, hazimchelewishi. Akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, "mama maji" kwa mfano, apimwe masikio kwanza.

Ana miaka miwili, anajigaragaza dukani. Nimchape?

Watu wataninong'onea samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka miwili hajigaragazi kukukomoa. Anataka biskuti, maneno hana, na usingizi umempita. Ukimchapa anajifunza kwamba aliye mkubwa hupiga, na kesho anampiga mdogo wake. Mnyanyue, toka naye nje, kaa naye kimya mpaka atulie, na biskuti isinunuliwe. Ukiinunua leo, kesho ataanzia sakafuni.

Poti lini?

Kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu, akianza kukuonyesha kwamba amejikojolea. Shangazi aliyemfundisha mtoto wa miezi minane alijifunza yeye, siyo mtoto.

Amekunywa mafuta ya taa.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, usimpe mawese. Yakipanda yanaingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo iliyolowa, chukua chupa, kimbieni hospitali. Karibu kila mara ni chupa ya maji ya kunywa iliyowekewa mafuta na kuachwa chini ya meza. Inuka sasa hivi ukaitazame ya kwako, na beseni la maji ya moto pia.

Mimi ni baba. Naweza kumleta mwenyewe?

Karibu. Mwezi uliopita mmoja alikaa benchi saa nzima katikati ya wanawake thelathini, mtoto amembeba kifuani kwa kanga ya mkewe, mpaka mama mmoja akamsogezea pakiti ya karanga. Kilo zilipanda gramu mia sita. Njoo na kadi, na usisahau suruali ya kupimia. Baba wote huisahau, na ya kuazima hapa kliniki iko moja tu, imeshakojolewa tangu saa mbili.